Uchungu wa Mwana Aujuaye ni Mzazi

Mpenzi msomaji, je, umewahi kuitwa shuleni mara tatu katika juma moja? Mwalimu anasema mwanao hatulii kitini, anajibu swali kabla halijakwisha kuulizwa na kalamu hupoteza kila siku. Unarudi nyumbani Gatwekera au Gatina umeinamisha kichwa. Jirani anakurushia neno: "Huyo amekosa kiboko tu!" Mama mkwe naye anasema umemdekeza. Ukifika ndani, unaushika ukanda.

Ngoja kidogo kabla hujauinua.

Yawezekana mtoto huyo si mkaidi. Iko hali ambayo madaktari huiita ADHD. Ubongo wa mtoto hupata shida kuweka makini, kutulia na kujizuia. Dalili huanza kabla ya umri wa miaka 12, nazo huonekana nyumbani na shuleni pia. Mara nyingi hali hii hurithiwa. Haitokani na laana, wala malezi mabaya. Wala si jambo la juzi: mwaka wa 1902, Dkt George Still aliwaeleza madaktari wenzake jijini London habari za watoto wa namna hii. Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 5 katika kila 100 ulimwenguni wanayo. Katika darasa la watoto 60, hao ni kama watatu.

Lakini si kila mtoto mtundu ana ADHD. Njaa, usingizi haba, masikio mabovu au hofu vyaweza kumfanya mtoto asitulie. Ndiyo maana ni lazima apimwe.

Kwa mzazi wa Kibera au Kawangware mzigo huu ni mzito zaidi. Nyumba ni chumba kimoja, jiko li sakafuni, na nje kuna mtaro, pikipiki na, kwa wa Kibera, reli. Jirani amekataa kumwangalia mtoto, na usipokwenda kibaruani hakuna unga. Wengine hufikia kumfungia mtoto ndani. Usiwacheke, wamechoka na wako peke yao.

Dawa ya upweke huo ni kikundi. Kule Kilifi, walezi wa watoto wenye ulemavu walijiunga katika vikundi vya kusaidiana, na watafiti wakawafuatilia. Walipeana moyo, wakaweka akiba na kuanzisha miradi midogo. Sisi tunaojua chama tangu zamani tunashindwa na nini?

Anzeni hata wanne. Kutaneni mara mbili kwa mwezi, nyumba kwa nyumba au katika chumba cha kanisa au msikiti. Kanuni ya kwanza: linalosemwa hapo halitoki nje. Ya pili: hakuna kumhukumu mwenzako. Changeni kidogo kwa ajili ya nauli ya kliniki, na mpokezane zamu za kuangalia watoto. Mkifika kumi, sheria ya mwaka wa 2022 inawaruhusu kujiandikisha kama kikundi cha jamii.

Kisha fundishaneni. Mtoto huyu mpe agizo moja kwa wakati mmoja, ukimtazama machoni. Akifanya vyema msifu papo hapo, si jioni. Saa za kula, kusoma na kulala zisibadilike. Mwalikeni mwalimu pia: mtoto akikalishwa mbele, na akitumwa kufuta ubao, hupata nafasi ya kunyoosha miguu. Mkumbusheni kwa upole kwamba kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka wa 2001. Na akina baba, msiwaachie wake zenu mikutano hii.

Hata hivyo, kikundi si hospitali. Nendeni pamoja kwenye kituo cha elimu cha kuwapima watoto, maarufu kama EARC, ambavyo vilianza nchini mwaka wa 1984, au katika taasisi ya KISE kule Kasarani. Dawa za hali hii zipo, lakini ni daktari tu wa kuzitoa. Kwa mtoto aliye chini ya miaka sita, wataalamu hushauri mzazi afundishwe kwanza mbinu za malezi.

Msomaji, kidole kimoja hakivunji chawa. Leo jioni, yule mama unayemsikia akipiga kelele ng'ambo ya ukuta wa mabati, mbishie hodi. Mwambie: "Mama, hata wangu yuko hivyo."

Hapo kikundi kimeanza. Tukutane Jumapili ijayo.