Tunaogopa Kahawia, Hatuogopi Kuoza

Kuna tusi moja ambalo kila mtu Isiolo ameshalisikia: "Enda upige mswaki." Anatupiwa msichana mwenye meno ya kahawia, mbele ya darasa zima, na watu wanacheka. Na huyo anayetusi je? Mbele ni meupe kama maziwa ya ngamia. Nyuma magego mawili yametoboka na ufizi unatoa damu kila asubuhi. Lakini kwa sababu kamera haifiki huko nyuma, yeye ndiye anaitwa msafi.

Hapo ndipo ugomvi wangu unaanzia. Sisi vijana tumemeza uongo mmoja mkubwa: kwamba meno mazuri ni meno meupe, basi. Na huo uongo unatumalizia meno.

Tuanze na kahawia. Wengi wenye meno hayo hawajakosa mswaki. Wamekunywa maji. Kuna madini yanaitwa floridi, na yakizidi kwenye maji ya kunywa yanaingia kwenye jino la mtoto likiwa bado linaundwa ndani ya ufizi, kabla halijachomoza. Ni kama miaka nane ya kwanza ya maisha. Jino linatoka likiwa na doa tayari. Sugua mpaka mkono ufe ganzi, haliondoki, kwa sababu si uchafu. Limeumbwa nalo.

Na hii si hadithi ya watu wachache. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa 2015 ulikuta hayo madoa kwa watoto zaidi ya 40 kati ya kila 100. Nchi yetu imekalia mawe ya volkano, Bonde la Ufa likipita katikati, na visima vingi vinachota maji yaliyokaa kwenye hayo mawe miaka na miaka. Sasa niambie, hao watoto wote ni wachafu?

Utafiti huo huo uliangalia ufizi wa watu wazima. Karibu 98 kati ya 100 walikuwa wanatoa damu. Soma tena hiyo namba. Karibu kila mtu! Lakini hujawahi kusikia mtu akitusiwa "enda uangalie ufizi wako."

Kwa hivyo tuna kesi mbili. Moja inaonekana, na kwa wengi haiumi. Ingine haionekani, na inakula mdomo polepole. Tunaicheka ya kwanza. Ya pili tunakutana nayo saa nane usiku tukiwa tumeshika shavu, tunatafuta karafuu na panadol.

Hizi dawa zenu za video

Kwa sababu tunaogopa rangi, kila siku kuna mtu kwenye simu anafundisha "njia ya kung'arisha meno kwa siku tatu." Ndimu. Mkaa uliosagwa. Majivu. Magadi. Kuna wanaofika mpaka Jik, na hapo sina hata la kusema ila usiweke hiyo kitu mdomoni.

Jino lina gamba gumu la nje. Ndimu ni asidi, inalilainisha. Mkaa na majivu yanakwaruza, yanalipunguza. Na hilo gamba likiisha halioti tena, si kama kucha. Chini yake kuna nini? Kuna tabaka la ndani, na rangi yake ya asili ni manjano. Umeelewa hapo? Unasugua ili meno yawe meupe, unaishia na meno ya manjano zaidi, na sasa hata maji baridi yakigusa unaruka.

Kama rangi inakusumbua, na una haki isikupendeze, daktari wa meno ana njia zake: kuondoa tabaka jembamba la juu kwa dawa maalum, au kufunika doa. Atakuambia pia kama meno yako hayahitaji kitu. Ila usikubali mtu yeyote akuchonge meno mazima ili akubandikie meupe bila kukueleza kwamba jino likishachongwa halirudi. Na kabla hujafungua mdomo, uliza kama amesajiliwa. Baraza la madaktari na madaktari wa meno, KMPDC, lina orodha yake kwenye intaneti. Unatafuta jina kwa simu hiyo hiyo unayotazamia video.

Adui mwenyewe

Meno yanaoza kwa sababu rahisi sana. Kuna bakteria mdomoni. Ukila sukari, wao pia wanakula, kisha wanatoa asidi. Hiyo asidi inashambulia jino kwa karibu nusu saa, halafu mate yanatuliza mambo. Kila funda jipya la kitu kitamu linaanzisha saa upya.

Sasa fikiria kikao cha miraa. Warya, wewe unajijua. Mzigo umeshuka kutoka Maua, mmekaa saa nne, soda inapigwa funda moja moja, kando kuna bazoka na chai ya sukari vijiko vinne. Mdomo umekauka, mate hayatoshi kusafisha. Umeyaogesha meno kwenye asidi jioni nzima, kisha unalala bila kupiga mswaki kwa sababu "nimechoka." Siji kukuhubiria kuhusu miraa, hiyo ni kesi ya siku ingine. Nasema tu: shusha na maji. Hiyo peke yake inaokoa magego.

Halafu mambo ya nyumbani, ambayo hayahitaji pesa ya ajabu:

1. Mara mbili kwa siku, dakika mbili. Ya usiku ndiyo muhimu zaidi, usiiruke.
2. Tumia dawa ya meno yenye floridi. Ndiyo, floridi ile ile. Ikimezwa nyingi utotoni inaacha doa. Ikipakwa juu ya jino na kutemwa, inaliimarisha. Mtoto chini ya miaka mitatu mpe kiasi cha punje ya mchele, kisha mpaka miaka sita kiasi cha mbegu ya njegere, na umfundishe kutema.
3. Ukimaliza tema, lakini usisukutue na maji mengi. Acha dawa ifanye kazi.
4. Usisugue kama sufuria ya ugali. Piga taratibu pale jino linapokutana na ufizi, maana hapo ndipo ukoga unakaa.
5. Ufizi ukitoa damu, usiache kupiga mswaki. Watu wengi wanaacha wakidhani wanaumiza. Mara nyingi ni ukoga unaouchokoza, na ukiacha unazidi.

Na usiniambie mswaki wa mti ni ushamba. Hata neno lenyewe "mswaki" ni la mti, brashi ya plastiki iliazima jina tu. Wasomali wanauita caday, Waturkana wanauita esekon, na hapa mjini unaupata kwa sarafu chache. Shirika la Afya Duniani lenyewe lilishahimiza matumizi yake. Kata ncha mpya kila mara, piga polepole. Ila kati ya meno na nyuma ya magego haufiki vizuri, na hauna dawa ya floridi, kwa hivyo usiku ongeza brashi. Mti wa babu na brashi ya duka si maadui.

Daktari wa meno si koleo

Hapa ndipo tunakosea kabisa. Huku kwetu "kuenda kwa daktari wa meno" maana yake ni kung'oa. Tunangoja mpaka shavu lifure, tunafika tukilia, jino limeshaoza mpaka mzizi, linang'olewa. Tunarudi mtaani tunasema, "Si niliwaambia? Wale kazi yao ni kung'oa tu." Wewe ndiye ulimpelekea maiti, ulitaka aitibu vipi?

Tundu dogo linazibwa. Likifika kwenye mshipa, linahitaji kusafishwa mzizi, na hiyo bei ni ingine. Likipita hapo, ni kung'oa, na pengo nalo lina gharama: meno ya pembeni yanalala, la juu linashuka kutafuta mwenzake. Usaha wa jino ukiachwa unaweza kushuka mpaka shingoni na kubana pumzi. Watu wanakufa na hiyo. Na ule ukoga ulioganda kama jiwe hautoki kwa brashi yoyote, unaondolewa kwa vifaa vyake. Ndiyo maana unaenda ukiwa mzima, angalau mara moja kwa mwaka.

"Lakini pesa hakuna." Nakubali, na ndiyo sababu ya kuenda mapema, kwa sababu kila hatua unayongoja inakuwa ghali zaidi. "Lakini huduma iko mbali." Hapo sina ubishi. Mtu wa Merti akiumwa jino, safari ya kuja Isiolo mjini si ya kuenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Hiyo si kosa lake. Hiyo ni kesi ya kaunti, na tuidai kwa sauti: wataalamu wa afya ya kinywa wanaofunzwa KMTC wafike wadi, waingie shule za msingi, wasingoje mjini.

Na jambo la mwisho, hili ndilo kubwa. Kila kampeni tunafunguliwa kisima. Utepe unakatwa, picha zinapigwa, mheshimiwa anakunywa glasi moja. Nani amewahi kuuliza floridi ni ngapi? Kiwango cha mwisho cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Namba moja tu, iandikwe kwenye tangi tuisome. Kuchemsha hakuiondoi floridi. Maji yanapungua, yenyewe inabaki. Maji ya mvua karibu hayana, kwa hivyo kama nyumbani mna mabati na pipa safi, hayo wape wadogo kwanza.

Kama una mdogo wako wa miaka minne, meno yake ya mbele yanaundwa sasa hivi, ukisoma hapa. Miaka michache ijayo yatachomoza, na kuna mtu atamwambia "enda upige mswaki."

Basi kabla hujamcheka mtu tena, fungua mdomo wako mbele ya kioo, washa tochi ya simu, angalia magego. Ukiona tundu jeusi, wewe ndiye una safari ya kuenda hospitali wiki hii. Na kisima kipya kikifunguliwa mtaani kwenu, kuwa yule mtu mmoja anayenyoosha mkono na kuuliza namba.