Waacheni Watoto Wakiongee Kifaransa

Muhula uliopita, katika shule moja ya upili kando ya Naivasha Road, kikundi cha wasichana kilisimama nje ya hema la wazazi. Walikuwa wamejifunga vitenge juu ya sketi za shule, vikapu mikononi, wakisubiri kuitwa. Walikuwa wameandaa mchezo mfupi wa soko la Bujumbura, wote kwa Kifaransa: muuza samaki wa Ziwa Tanganyika, mteja mbishi, na askari wa jiji anayezungukazunguka akitaka kitu kidogo (huyu, nashuku, waliazima kwetu). Mama mmoja Mrundi anayeuza vitambaa Kawangware ndiye aliyewafunga vitenge hivyo na kuwanyoosha matamshi, bila kudai hata nauli.

Hotuba zikarefuka. Mjadala wa rangi ya geti ukala sehemu kubwa ya asubuhi. Hatimaye aliyeongoza mkutano akatangaza kwamba muda umetupa kisogo, burudani imeondolewa, wasichana warudi darasani. Hapohapo akasoma bajeti. Klabu ya Kifaransa haina fungu tena. Safari ya kwenda mjini kutazama tamthilia imefutwa. Mwalimu wa somo, aliyekuwa akilipwa na bodi, hataongezewa mkataba. Wazazi wakapiga makofi. Mzee mmoja akasema kwa sauti kwamba Kifaransa ni cha watoto wa Lavington, na hema zima likacheka. Nilisimama kupinga, nikaambiwa agenda imefungwa na chakula kinapoa.

Sababu hazina siri. Walimu ni wachache, pesa za serikali huchelewa, mwalimu mkuu hupimwa kwa wastani wa KCSE, na somo lenye wanafunzi wachache ndilo rahisi kukatwa. Katika mtaala mpya lugha za kigeni haziko kati ya masomo ya lazima ya sekondari ya msingi, hivyo mtoto anafika sekondari pevu na kuambiwa achague kitu ambacho hajawahi kukionja. Haya tunayajua. Kinachoninyima usingizi ni yale makofi.

Tulishangilia nini hasa? Tulishangilia watoto wetu kunyamazishwa. Maana somo lenyewe halitatoweka mara moja. Waliolichagua watalimaliza, wakiwa na rundo la fotokopi na mwalimu wa kuazimwa. Watakariri vitenzi être na avoir mpaka viwatoke puani. Kisha siku ya mtihani wa kuzungumza itafika, maana KCSE ya Kifaransa haina karatasi za kusikiliza, kuandika na kusoma peke yake. Mtoto hukaa ana kwa ana na mtahini, akasoma kifungu kwa sauti, akaulizwa maswali, na anatakiwa ajibu hapo hapo. Atajibu nini, ikiwa kwa muda wote huo hajawahi kumuuliza mtu bei ya nyanya kwa lugha hiyo? Kumfundisha mtoto lugha kwa fotokopi ni kumfunza kupika chapati kwa kumsomea maelezo ya kusukuma unga.

Tunachokiita burudani ndicho somo. Mtoto anayecheza nafasi ya muuza samaki analazimika kumsikiliza mwenzake, kujibu kwa haraka, kukasirika, kubembeleza, kuhesabu chenji. Makosa anayafanya mbele ya watu na hafi. Waandaaji wa Tamasha la Kitaifa la Drama na Filamu wanalijua hili, ndiyo maana michezo ya Kifaransa ina nafasi yake huko, kama vile mashairi ya Kifaransa yanavyokaririwa kwenye Tamasha la Muziki la Kenya. Shule za mbali hupanda basi usiku kucha kwenda kushindana. Sisi tuliokaa mkabala na mji tunafuta nauli ya matatu.

Na huyo mzee aliyetaja Lavington, nampa nusu ya haki yake. Ni kweli, watoto wa Lavington na Kileleshwa hawahitaji klabu ya kupigania. Kuna shule za kulipia ambako safari ya Ufaransa huandikwa kwenye kalenda kama siku ya michezo. Lycée Denis Diderot, shule ya Wafaransa, iko Kilimani. Lakini ukifuata Gitanga Road kutoka kwenye ua wa maua wa Lavington, huchukui muda kufika kwenye vibanda vya Kawangware. Ikiwa upande mmoja wa barabara lugha hii ni urithi na upande wa pili ni kichekesho, aliyechora mpaka huo ni nani? Siku ile, ndani ya lile hema, tuliuchora sisi wenyewe na kuushangilia.

Tena upande wetu ndio wenye mali. Kawangware, Kangemi, Kabiria na Riruta Satellite zimejaa majirani kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kuna fundi cherehani wa Bukavu, kinyozi wa Bujumbura, mwalimu wa zamani wa hesabu ambaye leo anauza viatu vya mitumba kwa sababu vyeti vyake viko kwa Kifaransa na hakuna aliyejali kuvisoma. Yako makanisa ambako Jumapili Kifaransa, Lingala na Kiswahili hupokezana kwenye ibada moja, na mtafsiri amesimama kando ya mhubiri akitokwa jasho. Mtoto wa Lavington hupanda ndege kutafuta anayezungumza lugha hiyo. Mtoto wa Kangemi huvuka mtaro.

Wala mji huu si mgeni kwa watu hao. Katika miaka ya 1970 na 1980 wanamuziki wa Kongo waliifanya Nairobi nyumba yao: Baba Gaston, Les Mangelepa, Super Mazembe, Samba Mapangala na Orchestra Virunga. Wazazi wetu walivaa suruali pana wakawachezea mpaka alfajiri, hata pale wasipoelewa neno. Mwaka 2021 UNESCO iliiweka rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Sisi ambao wenye rumba hiyo wako mlangoni petu tumeona watoto wao ni wa kuulizwa vitambulisho tu.

Wapo wanaosema Kifaransa ni lugha ya mkoloni. Naam, na mkutano ule uliendeshwa kwa lugha gani, kama si Kiingereza kilichochanganywa na Kiswahili? Siwaombi watoto waipende Paris. Naomba waweze kuzungumza na jirani. Februari 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubali Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi za Jumuiya pamoja na Kiingereza. Mwaka uliofuata Kongo ikajiunga. Equity na KCB tayari zimenunua benki huko. Malori yanayopakia Mombasa hufika Goma na Lubumbashi na makaratasi yake. Gigiri, ambako Umoja wa Mataifa una makao yake hapa, Kifaransa ni lugha ya kazi. Na Nairobi hii hii ndiyo iliyochaguliwa kuandaa mkutano wa Afrika na Ufaransa wa mwaka 2026. Sitaki kurefusha mambo ya ajira, kwa kuwa mtoto si tangazo la kazi. Ila asiniambie mtu kwamba lugha hii haina matumizi.

Basi tufanye nini, enyi wazazi wenzangu wa Uthiru, Waithaka, Mountain View na Kawangware?

Kwanza, Jumamosi. Kila shule yenye hata wanafunzi wachache wa Kifaransa ifungue uwanja wake asubuhi moja kila mwezi na kugeuza uwanja huo soko. Tuwaalike majirani zetu wafanyabiashara walete bidhaa zao halisi: vitenge, sombe, samaki wakavu, viatu. Sheria iwe moja: ndani ya kamba, hakuna kununua wala kuuza ila kwa Kifaransa. Mtoto aje na shilingi hamsini zake. Asipojua kusema anataka nini, arudi nazo nyumbani na njaa yake. Atasikia sabini na tisini zikitajwa kama wanavyozitaja Wabelgiji, tofauti na kitabu chake, na atauliza kwa nini. Hapo mwalimu wa historia naye amepata kazi, kueleza Ubelgiji ilifika vipi Kongo, Rwanda na Burundi. Wafanyabiashara walipwe usumbufu wao, jamani. Yule mama wa vitenge hatukumlipa, na hilo ni deni.

Pili, Loita Street. Alliance Française iko pale, ilianzishwa Nairobi enzi za ukoloni, mwaka 1949, na jirani yake ni Goethe-Institut. Ukishuka kwenye matatu University Way, unafika kwa miguu kabla jasho halijakutoka. Kuna maonyesho ya picha, muziki, filamu, maktaba. Mtoto wa Kangemi hupita pale kila wiki akienda kununua sare au vitabu na hajui kwamba mlango ule ni wake pia. Mzazi anayeweza kumpeleka mwanawe Uhuru Park Jumapili anaweza kumwingiza humo. Machi 20, siku ya wazungumzaji wa Kifaransa duniani, tusiwaache watoto wa shule za kulipia wapige picha peke yao.

Tatu, simu. Hizo hizo tunazozilaani. RFI ina taarifa ya habari ya dakika kumi kila siku kwa Kifaransa chepesi, na TV5Monde ina mazoezi ya bure. Wazazi watano wakichangia bando moja, watoto wao wanasikiliza pamoja jioni sebuleni, runinga ikiwa imezimwa. Hili halihitaji barua ya mwalimu mkuu.

Kisha kuna viongozi. Wabunge wa Westlands, Dagoretti Kaskazini na Dagoretti Kusini hununua mabasi ya shule kwa pesa za maendeleo ya maeneobunge na kuyaandika majina makubwa ubavuni. Waulizwe mabasi hayo huwapeleka watoto wapi zaidi ya mechi na mazishi. Kaunti nayo ina kumbi za kijamii. Itafutwe njia ya kuzitumia. Wizara iangalie suala la walimu wa lugha. Vijana waliosomea Kifaransa vyuo vikuu wakakosa ajira wajitokeze, tutaona namna.

Lakini msiniambie tusubiri wakubwa. Tulipokatiwa maji hatukusubiri, tulichimba visima. Hii si kazi ya kuombea. Mtu aingie kwenye kundi la WhatsApp la darasa la mwanawe usiku huu aandike kwamba klabu irudi. Mwingine aunge mkono. Wa tatu akijibu kwamba Kifaransa ni cha matajiri, aulizwe kwa heshima ni lini alimwuliza mtoto wake anataka nini. Bajeti ya geti ipungue. Rangi ya geti haizungumzi na mtu.

Na nyinyi mama zetu na kaka zetu mliotoka Bujumbura, Uvira, Goma na Kinshasa, mliowapenda watoto wetu kabla sisi hatujawafahamu: najua mmechoka kualikwa halafu kuachwa mmesimama nje ya hema. Tusameheni kwa lile. Jumamosi ya kwanza tukiwaita, njooni na bei zenu za kweli, na mtoto akiwakosea lugha msimwonee huruma, mpandishieni bei.