Miwani ya maji sawa, lakini kichocho kitajwe

Mhariri,

Wapo vijana wanaovuka kwa mtumbwi hadi Kisiwa cha Musira, mkabala na Bukoba, au visiwa vya Muleba kama Bumbire, wakaogelea kwa miwani na mrija wa kupumulia. Nawaunga mkono. Zamisha uso kando ya miamba uone furu madume wa rangi ya bluu wakilinda maeneo yao, na majike wakibeba mayai mdomoni. Tangu sangara aletwe Ziwa Victoria miaka ya 1950, aina nyingi za furu zimetoweka. Miamba imekuwa maficho ya waliobaki.

Lakini kichocho kipo. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wa maji ya kina kifupi, hasa penye matete, na kupenya ngozi bila mtu kuhisi. Mgeni hukabidhiwa miwani asiambiwe lolote! Naziomba halmashauri zetu ziweke mabango ya kuonya mialoni, na kwa usalama wa safari, wenye mitumbwi wampe kila abiria boya la kuvaa. Nawe uliyeogelea, kapimwe baada ya wiki kadhaa hata kama hujisikii vibaya. Tiba ipo.

Msomaji wako,
Bukoba