Tamko Kuhusu Waifai za Umma na Siri za Wateja



Chama chetu cha wafasiri, wahariri na waandishi wa kujitegemea kinatoa tamko hili kwa sababu kazi yetu imeshatoka ofisini. Hati ya mirathi, mkataba wa ajira, ripoti ya mgonjwa anayepelekwa kutibiwa India: vyote hivi leo vinafunguliwa kwenye kompyuta mpakato mgahawani, kwenye ukumbi wa hoteli, au uwanja wa ndege. Bando likikata, macho yanatafuta karatasi iliyobandikwa kaunta yenye jina la waifai. Hatumlaumu mtu kwa hilo. Lakini siri hizo ni za mteja, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 haiulizi kama siku ile ulikuwa umeishiwa bando.

Ushauri mwingi unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp umepitwa na wakati. Mwaka 2010, Mmarekani Eric Butler alitoa programu ndogo ya kivinjari iliyoitwa Firesheep. Aliyekuwa nayo, akiwa kwenye waifai isiyo na nywila, aliweza kuingia kwenye akaunti ya Facebook ya mtu wa meza ya jirani kwa kubofya tu, kwa kuwa tovuti nyingi wakati huo zilifunga kwa fumbo ukurasa wa kuingilia, mengine yote yakapita wazi. Sasa hivi tovuti nyingi hutumia HTTPS, yaani hufunga mawasiliano kwa fumbo, mwanzo hadi mwisho. Anayenusa hewani anaweza kujua umefungua tovuti ya benki gani, ila hasomi ulichoandika humo. Hofu kwamba kila mwenye mgahawa anasoma barua pepe za wateja wake, chama hakitaki kuieneza.

Hatari imehamia mlangoni. Jina la waifai halina hatimiliki. Yeyote mwenye kifaa cha mfukoni anaweza kuuita mtandao wake jina la hoteli uliyomo, na kompyuta iliyozoea kujiunga yenyewe na mtandao usio na nywila wa jina hilo itajiunga bila kukuuliza. Mwaka 2024 polisi wa Australia walimfungulia mashtaka mtu waliyemtuhumu kufanya hivyo viwanja vya ndege na hata ndani ya ndege. Kwa maelezo ya polisi, abiria waliojiunga waliletewa ukurasa uliowataka waingie kwa barua pepe au akaunti ya mtandao wa kijamii, na walichoandika kikahifadhiwa. Hakuna fumbo lililovunjwa hapo: watu waliandika nywila zao kwa mikono yao.

Kwa hiyo tunatamka kwamba mwanachama asiandike nywila ya barua pepe kwenye ukurasa wowote unaotokea kabla ya kupewa intaneti. Waifai ya halali inaweza kutaka namba ya chumba au msimbo wa kwenye risiti. Nywila yako ya barua pepe haiihusu. Kivinjari kikionya kwamba cheti cha tovuti hakiaminiki, funga ukurasa huo, hata kama mteja anasubiri. Vilevile usikubali kusasisha programu yoyote kwa ujumbe unaojitokeza mara tu baada ya kujiunga na waifai ya hoteli. Kampuni ya Kaspersky ilieleza mwaka 2014 jinsi wadukuzi walivyowanasa kwa mtego huohuo wageni wa hoteli za Asia, wengi wao wakuu wa makampuni. Na wanaoendelea kufundisha “tafuta alama ya kufuli” wajue kwamba Chrome iliiondoa mwaka 2023, kwa sababu hata tovuti za matapeli zilikuwa nayo.

Kompyuta ikikuuliza aina ya mtandao, chagua wa umma, ili wengine wasiyaone mafaili yako. Washa uthibitisho wa hatua mbili. Diski ifungwe kwa fumbo, maana kompyuta iliyoachwa mezani mwenyewe akienda msalani haihitaji mdukuzi. Inahitaji mtu mwenye begi.

Kuhusu VPN, huduma inayopitisha mawasiliano yako kwenye njia iliyofungwa kwa fumbo, tunasema kwa tahadhari. Inasaidia, lakini inahamisha imani tu: ulichomficha mwenye mgahawa unamfunulia mwenye VPN, na za bure ndizo tunazoziamini kidogo kuliko zote. Isitoshe, Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilitoa tangazo likiwataka watumiaji wa VPN nchini kutoa taarifa zao kwake. Tunaiomba mamlaka hiyo iweke utaratibu mwepesi kwa mtu binafsi anayelinda hati za wateja, kwani mfasiri mmoja hana idara ya sheria wala ya TEHAMA.

Wenye migahawa na hoteli nao wana sehemu yao. Nywila moja kwa wateja wote, ikibandikwa ukutani, haiwakingi wateja dhidi ya wenzao. Kwenye ruta zinazotumia kinga ya WPA2, mwenye nywila hiyo na ujuzi kidogo anaweza kufumbua mawasiliano ya jirani yasiyo na kinga nyingine. Tunawaomba wawashe mpangilio wa kutenganisha vifaa vya wateja, wabadilishe nywila ya kiwandani ya ruta, na waandike jina kamili la mtandao wao pale kaunta. Na waache kudai namba ya simu na barua pepe kwa kikombe cha kahawa. Kukusanya taarifa hizo ni kuchakata taarifa binafsi, na sheria inawahusu wao kama inavyotuhusu sisi.

Mwisho, kwa wateja. Njia salama kuliko zote hizi ni mwanachama kutumia intaneti ya simu yake mwenyewe, na hiyo inagharimu. Mteja anayetuma hati ya kurasa arobaini saa kumi na moja jioni, akitaka irudi kabla ya asubuhi, asishangae kuona mstari wa bando kwenye ankara. Kuanzia sasa chama kinawaruhusu wanachama wake kuuandika, na kitawatetea wakiulizwa.