Shanta la bei nafuu kwa mwenda Hija



Mwenye kudunduliza fedha za Hija kwa miaka hufika siku za mwisho akiwa amechoka kutoa. Gharama za safari zimelipwa, chanjo imechomwa, shuka za ihramu zimepatikana. Limebaki shanta la mgongoni, na hapo mkono huanza kujizuia. Kule Kariakoo mashanta ya wapanda milima, yenye mifuko tele na rangi za kupendeza, hutundikwa milangoni mwa maduka kwa bei isiyotisha. Je, yanafaa, au ni kutupa fedha?

Tuanze na kazi yenyewe. Masanduku makubwa hubaki hotelini Makka. Anachobeba Haji kuanzia tarehe 8 Dhul-Hijja ni maji, mkeka mwembamba, dawa, mwavuli na nguo ya kubadili. Lita moja ya maji ni kilo moja; chupa mbili pamoja na vinginevyo hufika kilo 5 upesi. Jua likishatua Arafa, umma wote huelekea Muzdalifa, mwendo wa takriban kilomita 9. Mabasi yapo, na treni ya Mashaair ipo tangu 2010, lakini wengi hujikuta wakitembea. Mkanda ukikatika hapo, saa tano za usiku, hakuna duka la kukimbilia. Mama wa miaka 65 ataukumbatia mzigo kifuani, asibakiwe na mkono wa kumshika mwenzake katika umati.

Kwa hiyo litazamwe pale linapokatikia. Ni nadra kitambaa kuchanika. Hufumuka shina la mkanda wa begani, pale ulipounganishwa na mgongo wa shanta. Lipindue, utazame ndani. Mshono wa mstari mmoja uliopita ukingoni kabisa mwa kitambaa haufai, hata shanta likiwa zuri namna gani. Uliorudiwa mara kadhaa, wenye umbo la mraba, una matumaini. Kisha funga na kufungua zipu mara ishirini, hasa kwenye kona, na ubane bizimu za plastiki mbele ya muuzaji. Akinuna, hilo nalo ni jibu.

Mkanda wa kiunoni katika mashanta haya mara nyingi ni utepe wa pambo tu. Mkanda wa kweli ni mpana, una sponji, na huhamishia uzito nyongani. Kwa kilo 5 waweza kuukosa. Kwa kilo 10 mabega yatalia.

Ukishalinunua, usilifungie kabatini hadi siku ya safari. Tia mchele kilo 5 na chupa mbili za maji, uende nalo msikitini kwa Isha, usiku saba mfululizo. Shanta lenye kasoro litajisema mapema, ungali karibu na fundi cherehani. Mimi binafsi hupendelea mtumba: katika soko la Karume, Ilala, hupatikana mashanta yaliyotumika Ulaya ambayo mishono yake huyashinda mengi mapya ya bei hiyohiyo. Kagua tu utando wa ndani usiwe unabanduka.

Wanaume huuliza kama shanta lililoshonwa linaruhusiwa kwa aliyehirimia. Katazo la kilichoshonwa linahusu mavazi yaliyokatwa kwa vipimo vya viungo vya mwili, kama kanzu na suruali. Kubeba mfuko si kuuvaa, na jamhuri ya wanazuoni wameruhusu hata mkanda wa kuhifadhia fedha kiunoni. Tatizo halisi ni jingine: shuka ya juu huteleza chini ya mkanda, na mkanda ukabaki juu ya ngozi tupu yenye jasho. Kipande cha taulo kikikunjwa hapo chini huokoa bega.

Kuhusu ukubwa, lita 20 zatosha. Shanta la lita 50 halibaki tupu. Mwenyewe hulijaza vitu ambavyo hatavigusa hata mara moja. Na mzee anayefuatana na mwanawe asibebeshwe shanta kabisa: liwe moja, alibebe kijana, naye mzee abaki na kimfuko cha kifuani chenye dawa zake, kitambulisho, na vijiwe 7 vya asubuhi ya tarehe 10.