Vyuo vya Ziwa Victoria vinangoja nini kushika makasia?

VYUO vikuu viwili vikongwe vya Australia, cha Sydney na cha Melbourne, vina ubishi wa miaka mingi ambao humalizwa majini. Mwaka 1870 wanafunzi wa vyuo hivyo walipambana kwa mara ya kwanza kwa kupiga makasia kwenye mto Yarra, Melbourne, wakifuata nyayo za Oxford na Cambridge walioanza mwaka 1829. Mwaka 2010 pambano hilo la vyuo viwili lilifufuliwa rasmi, na tangu hapo limeshafanyika Yarra na pia katika maji ya bandari ya Sydney. Wanaume hugombea kombe lenye jina la Edmund Barton, waziri mkuu wa kwanza wa Australia, ambaye alisoma Sydney. Wanawake hugombea kombe la Bella Guerin, mwanamke wa kwanza kupata shahada katika chuo kikuu cha nchi hii, mwaka 1883 huko Melbourne.

Msomaji aliyeko Mwanza, Kisumu au Entebbe anaweza kuuliza: ndugu yangu, hayo ya Wazungu yanatuhusu nini? Nasema yanatuhusu, tena sana, kwa sababu sisi ndio wenye maji.

Ziwa Victoria lina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 68,000, na hakuna ziwa kubwa kuliko hilo barani Afrika. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) kiko Malimbe, Mwanza, karibu kabisa na ziwa. Maseno kiko jirani na Kisumu. Makerere nacho si mbali na ufukwe. Lakini ukizungumzia ubishi wa vyuo vyetu, utasikia habari za mpira wa miguu, netiboli, wavu na kikapu. Ziwa tumewaachia wavuvi, na tunalikumbuka siku ya msiba.

Na misiba tumeiona. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia Mwanza na kuua mamia ya watu. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wakafa zaidi ya watu 220. Kila mara tunalaumu meli chakavu na abiria kujazwa kupita kiasi, na lawama hizo ni za haki. Ila kuna swali ambalo hatupendi kuulizana: ni wangapi kati yetu, pamoja na sisi wenye shahada, tunaoweza kuogelea hata mita 50?

Jiji hili la Sydney lina kumbukumbu yake kuhusu Mwafrika na maji. Katika Olimpiki ya mwaka 2000, Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta aliogelea mita 100 peke yake, baada ya wapinzani wake wawili kuondolewa kwa kuanza mapema. Alitumia dakika 1 na sekunde 52, nusura azame, na uwanja mzima ukasimama kumshangilia. Alikuwa amejifunza kuogelea miezi michache tu kabla ya hapo. Wengi walicheka. Mimi naona kulikuwa na somo pale: kijana alikuwa na moyo, ila hakuwa na mtu wa kumfundisha wala mahali pa kujifunzia.

Tazameni pia Kathleen Noble, aliyezaliwa Uganda na kuiwakilisha nchi hiyo katika mashindano ya kupiga makasia kwenye Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021. Mchezo huo alijifunzia Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani. Mtu anatoka kwenye ziwa kubwa kuliko yote Afrika, anakwenda ng'ambo kufundishwa kushika kasia! Kama hili halitutii aibu, sijui ni lipi litakalotutia.

Si kwamba ujuzi haupo nyumbani. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilipoangukia ziwani pale Bukoba ikiwa na watu 43, walionusurika walikuwa 24. Miongoni mwa waliofika mwanzo kuokoa ni kijana mvuvi, Majaliwa Jackson, ambaye ilielezwa kwamba alitumia kasia la mtumbwi kuufungua mlango wa ndege. Wavuvi wa Kanda ya Ziwa wameshashindana kwa mitumbwi katika mashindano ya Balimi, na Lamu mashua hushindanishwa nyakati za sherehe. Waalimu tunao, ila hatujawaita chuoni.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. SAUT na Maseno waanze, vyuo viwili tu, kama Sydney na Melbourne. Mwaka huu Mwanza, mwaka ujao Kisumu. Wasinunue zile boti nyembamba za watu wanane ambazo bei yake ni balaa. Wamwendee fundi wa mitumbwi wa hapo hapo, achonge miwili inayolingana. Timu ya wanaume na ya wanawake zianze siku moja, tusije tukasubiri kama Waingereza, ambao wanawake wao waliruhusiwa kushindana siku moja na mto mmoja na wanaume mwaka 2015. Na sharti la kwanza liwe hili: asiyejua kuogelea haingii kwenye mtumbwi mpaka afundishwe, na kila mmoja avae jaketi la kujiokolea.

Najua majibu yatakayokuja. Kuna kichocho, kuna viboko na mamba, na fedha hakuna. Kichocho kina dawa, na vyuo vya udaktari vipo Mwanza na Kampala vya kupima wachezaji kila baada ya muda. Sehemu salama wavuvi wanazijua, waulizwe. Kuhusu fedha, sisi tulioko huku Sydney, London na Minnesota tunachangiana harusi na misiba kila mwezi. Mitumbwi miwili na majaketi ishirini hayatatushinda tukiamua.

Mtumbwi wa mashindano hauna nyota. Mmoja akichelewesha kasia, wote wanayumba, awe Msukuma, Mjaluo au Mganda. Hilo peke yake lingetosha kuwa sababu. Lakini kubwa zaidi ni kwamba kila mwanafunzi atakayefundishwa kuogelea kwa ajili ya pambano hilo atarudi kijijini akiwa na kitu cha kumfundisha mdogo wake, na siku meli nyingine ikiyumba, ambayo tunaomba isifike, watakuwepo watu wanaojua la kufanya.

Naomba kutoa hoja.