Rimoti ya gari inayokula betri, na ile moja iliyopotea

Mwezi uliopita niliahidi kuandika kuhusu chanjo za watoto wanaosafiri kwenda nyumbani likizo. Mnisamehe, hiyo itasubiri. Kwangu kumetokea jambo lililoanza kama kero ya gari likaishia chumba cha eksirei, na sitaki mwezi upite sijawaambia.

Gari letu ni la mkono wa pili, la aina isiyochomekwa ufunguo. Rimoti inakaa mfukoni, ukishika mlango unafunguka, ukibonyeza kitufe gari linawaka. Siku tulipolinunua nilijiona nimefika. Basi asubuhi moja ya Januari nimetoka zamu ya usiku, saa moja na nusu, baridi nyuzi 2, nashika mlango: kimya. Nabonyeza rimoti: kimya. Nyumbani mume wangu ananisubiri nimpokee mtoto ndipo aende kazini. Nilisimama pale dakika 40 nikipiga simu huku na huku, mpaka mlinzi wa maegesho akanihurumia. Akachukua rimoti, akasukuma kitufe kidogo cha pembeni, kikatoka kipande cha ufunguo wa chuma. Tundu lake lilikuwa limefichwa chini ya kifuniko kwenye mkono wa mlango. Tulipoingia akaniambia niigusishe rimoti kwenye kitufe cha kuwashia huku nikikibonyeza. Gari likawaka. Mume wangu alichelewa saa nzima, na kazi yake ni ya wale wanaohesabu dakika.

Kwa hiyo kabla ya yote: leo hii, ukiwa huna haraka, fungua kitabu cha gari lako utafute ufunguo wa akiba umefichwa wapi na gari linawashwaje betri ya rimoti ikiisha. Magari mengi ya namna hii yana njia hiyo, ila mahali pa kugusisha rimoti hutofautiana.

Nilibadilisha betri nikadhani yamekwisha. Baada ya wiki tatu ikafa. Nikaweka nyingine, ikafa. Betri ya rimoti hutakiwa kukaa mwaka 1 au 2, wakati mwingine zaidi. Mimi ndani ya miezi minne nilikuwa nimemaliza tano. Dukani wakaniambia suluhisho ni rimoti mpya, na bei waliyonitajia ingenilipia nusu ya tiketi ya kwenda Dar.

Hapo ndipo nilipojicheka. Wodini, mgonjwa akiongezewa damu leo na wiki ijayo imepungua tena, hatuendelei kumwongezea tu. Tunatafuta anavujia wapi. Mbona rimoti naiongezea tu?

Nikaenda kwa mzee mmoja jirani yetu, mtu wa Mombasa, aliyetengeneza redio miaka mingi kabla ya kuja huku kwa watoto wake.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Hiyo rimoti usiku huiweka wapi?”

Sikuwa hata nimekaa. Nikamwambia naitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa mbele, na gari liko nje palepale, hatua tatu. Akatikisa kichwa. Gari la aina hii, alinieleza, hurusha mawimbi ya karibu karibu kuuliza kama mwenyewe yupo. Rimoti ikiyasikia, inaamka na kujibu. Ukiitundika jirani na gari, wawili hao wanaweza kupiga soga usiku kucha, na anayelipia ni betri. Vilevile usiiweke kando ya televisheni, kompyuta, chaja ya simu au jiko la umeme la sumaku. Iweke umbali wa mita moja au zaidi na vitu hivyo.

Akanipa orodha ya mambo ya kuangalia, na sharti moja: “Badilisha kitu kimoja kimoja. Ukibadilisha vyote pamoja, hutajua mwizi nani.”

La kwanza, betri yenyewe. Namba zake zina maana. CR2032 ni betri ya duara kama sarafu, upana milimita 20, unene milimita 3.2. CR2025 ina upana uleule ila unene wake ni 2.5. Ukiweka nyembamba mahali pa nene, inaweza kuingia na hata kufanya kazi, lakini inacheza na mguso wake si wa kuaminika. Zote ni za volti 3. Mzee akatoa mita yake ya umeme tukazipima zile nilizonunua sokoni, pakiti ya kumi kwa bei ya kutupa. Zilikuwa mpya na zinasoma 2.9. Mpya yenye afya husoma 3.0 hadi 3.3. Nilikuwa nimenunua betri zilizozeeka kwenye karatasi. Nunua moja moja, duka unaloliamini, na usome tarehe ya mwisho wa matumizi.

La pili, mahali pa kulala. Nikahamishia rimoti jikoni, nyuma ya nyumba, ndani ya kopo la biskuti la bati lenye mfuniko. Chuma huzuia yale mawimbi, na pia huwapunguzia kazi wezi wanaonasa mawimbi ya rimoti kutoka nje ya nyumba. Baadhi ya magari yana njia ya kuilaza rimoti isisikilize. Kwenye Toyota nyingi, kwa mfano, unashikilia kitufe cha kufunga huku ukibonyeza cha kufungua mara mbili, taa inamweka mara nne, imelala. Ukibonyeza kitufe chochote inaamka.

La tatu, na hili ndilo lililotoa jibu: pacha. Tulikuwa na rimoti mbili, ya kwangu na ya mume wangu. Nikanunua betri mbili nzuri za aina moja siku moja, nikaweka kila rimoti yake, zote zikilala kopo lile lile. Baada ya wiki tano ya kwangu ikafa. Ya mume wangu ilipopimwa ilisoma 3.0. Basi si betri, si mahali, si gari. Mgonjwa ni rimoti yangu mwenyewe.

Usiku huo niliitazama gizani. Taa yake nyekundu ilimweka, na hakuna aliyeibonyeza. Kitufe cha kufunga kilikuwa kimezama kidogo, hakirudi juu vizuri. Tulipoifungua tukakuta chini ya mpira kuna utando unaonata. Jeli ya kusafishia mikono! Mwezi wa Desemba chupa ilimwagika ndani ya mkoba wangu, nikafuta mkoba, nikafuta simu, nikasahau rimoti. Kitufe kilikuwa kinajibonyeza siku nzima, na rimoti inarusha mawimbi kama mtu anayebisha mlango usiofunguliwa.

Kusafisha hakukuwa na uchawi. Tulitoa betri kwanza, tukachovya mswaki laini kwenye spiriti ya kusafishia vifaa vya umeme, tukasugua taratibu, tukaacha ikauke usiku mzima. Ukirudisha betri, angalia alama ya kujumlisha ikae upande uliokuwepo, na uishike kwa kingo. Kama vishikio vina kutu ya kijani au nyeupe, navyo visafishwe. Ukiwa umefanya yote haya na bado inakula betri, hapo nakubali, ni ya kupeleka kwa fundi au kununua nyingine. Yangu sasa ina miezi mitatu na betri ile ile.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini sikuwaambia zile betri tano zilizokufa niliziweka wapi.

Niliziweka kwenye kibakuli dirishani jikoni, pamoja na vifungo na chenji, nikisema nitazipeleka dukani kwenye sanduku la kukusanyia. Jumamosi moja napika, nageuka, kijana wetu wa miaka miwili kasimama juu ya kiti, mkononi ana kitu kinang’aa. Nikamnyang’anya. Betri. Nikahesabu kibakulini: tatu. Na ile ya mkononi, nne. Ya tano haipo.

Nimesomea diploma ya uuguzi nyumbani na digrii huku, na nimeshika watoto wa watu waliomeza vitu. Miguu yangu iliisha nguvu. Kwa sababu nilijua lile ambalo wengi hawalijui: betri iliyoshindwa kufungua mlango wa gari bado ina umeme wa kutosha kuunguza koo la mtoto. Haihitaji kupasuka wala kuvuja. Ikikwama kwenye njia ya chakula, umemetume wa mate na nyama hutengeneza kemikali kali upande mmoja wa betri, na kemikali hiyo hula nyama. Madhara makubwa yanaweza kuanza ndani ya saa 2. Na upana wa milimita 20 ndio hasa unaokwama kwenye koo la mtoto mdogo.

Kijana alikuwa anacheka. Hakukohoa, hakutapika, hakutokwa mate. Hilo halikunituliza, kwa maana dalili zinaweza kuchelewa. Tulichukua rimoti ya mume wangu tukaenda hospitali. Mapokezi nikasema neno moja, “betri”, na tukapitishwa mbele. Kwenye eksirei betri huonekana kama duara lenye ukingo maradufu, tofauti na sarafu. Nilisimama nikitafuta duara lile kwenye kifua cha mwanangu. Halikuwepo.

Betri ya tano ilikuwa mfuko wa koti la mume wangu. Aliibeba kama mfano ili asinunue namba isiyo yake. Tulikaa garini tukaangaliana, hakuna aliyemlaumu mwenzake. Kibakuli kilikuwa changu.

Basi shikeni haya. Ukihisi mtoto kameza betri, hata kama huna hakika, nenda hospitali papo hapo au piga simu ya dharura: 999 Uingereza, 911 Marekani, 9999 Oman. Usingoje dalili. Usimtapishe. Usimpe chakula wala kinywaji ila ukiambiwa na wahudumu. Habari za kumpa asali ni za kweli katika baadhi ya miongozo, lakini zina masharti ya umri na muda, na mtoto chini ya mwaka 1 hapewi kabisa. Uliza ukiwa njiani, usichelewe kwa ajili yake. Ukiweza, beba betri nyingine ya aina hiyo au karatasi yake. Betri iliyoingia puani au sikioni nayo ni dharura.

Na betri ikitoka kwenye rimoti, siku hiyo hiyo izungushie tepu pande zote mbili, iweke juu kusikofikika, kisha ipeleke kwenye sanduku la betri kuukuu. Angalia pia rimoti ya televisheni, mizani ya jikoni, kadi za kuimba, midoli inayowaka taa. Kifuniko kisicho na skrubu kisiachwe mkononi mwa mtoto.

Nimeandika namba kwa kalamu nyuma ya kopo la biskuti: betri ngapi zimeingia, ngapi zimetoka, kama tunavyohesabu vifaa chumba cha upasuaji. Mume wangu alicheka, kisha juzi nikamkuta anahesabu.

Chanjo za safari, mwezi ujao inshallah.